Matiti yakiuma ukinyonyesha, usikimbilie shubiri

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi kumi na siku chache. Usiku mmoja aliamka kama kawaida yake, nikamvuta kifuani nikiwa bado na usingizi. Alipokamata chuchu tu nilipiga ukelele, baba yake akaruka na kuwasha taa akidhani kuna nge kitandani. Maumivu yalikuwa makali, kama kidonda kilichotiwa chumvi, na yalikuwa pande zote mbili.

Asubuhi nilijikagua kwenye kioo. Sikuona mpasuko, wekundu wala uvimbe. Nikajiambia ni meno, maana mtoto alikuwa nayo manne, mawili juu na mawili chini. Siku tatu zilizofuata nilimnyonyesha huku nimeuma pindo la khanga. Hata maji ya kuoga yakigusa kifua nilikunja uso, na sidiria niliyoivaa miezi yote ikaanza kunibana.

Aliyenifumbua macho ni wifi yangu, mama wa watoto wanne. Alinitazama nikinyonyesha sebuleni, akacheka kidogo.

"Wifi, hayo si meno," akasema. "Hiyo ni mimba."

Nilimkatalia palepale. Ningekuwaje na mimba wakati sikuwa nimeona siku zangu tangu nijifungue? Lakini maneno yake hayakunitoka kichwani. Jioni nilipitia duka la dawa, nikanunua kipimo cha mkojo, na asubuhi kikaonyesha mistari miwili.

Nawasimulia haya kwa sababu ya kilichofuata. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Tanga kutusaidia kulea, hakunipa hata nafasi ya kukaa chini nikafikiri.

"Mwanangu, mwachishe leo hii hii," aliniambia. "Maziwa hayo yameshaharibika. Ukiendelea utambemenda mtoto."

Kabla ya magharibi alikuwa ameshanitafutia shubiri kwa jirani.

Siku tano za shubiri

Nani asiyelijua neno hilo? Mtoto akikonda, akichelewa kutembea, akiharisha mara kwa mara, majirani huulizana kwa sauti ya chini kama wazazi "wamembemenda". Wapo wanaosema mtoto hubemendwa wazazi wakikutana kimwili kabla hajaacha kunyonya, na wapo wanaosema ni pale mama anaposhika mimba nyingine. Kwa vyovyote vile, lawama hutua kwa mama, na wakati mwingine kwa baba pia.

Sikutaka mwanangu aitwe hivyo. Nikapaka shubiri. Mtoto alionja, akakunja uso, akanitazama kama mtu aliyesalitiwa, kisha akalia mpaka akapitiwa na usingizi. Ilikuwa hivyo usiku wa kwanza na wa pili. Siku ya tatu akaukataa uji. Siku ya nne akaanza kuharisha. Mimi nami matiti yaliyokuwa yanauma kwa sababu ya mimba sasa yalijaa maziwa yasiyo na mnywaji, yakawa magumu kama mawe.

Siku ya sita nilimbeba nikampeleka zahanati. Mwezi uliopita kadi yake ilisoma kilo 8.4. Siku ile mzani ulisoma kilo 8. Nesi, mama wa makamo, aliitazama kadi, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Amekula nini wiki hii?"

Nikamweleza yote, pamoja na ile mimba. Nilitegemea kugombezwa. Yeye akanipa maji na sabuni, akaniambia nioshe kifua, kisha nimweke mtoto. Alisita kidogo, akanusa, akanyonya. Niliuma tena lile pindo la khanga, safari hii nikilia kwa sababu nyingine.

Kwa nini matiti huuma mimba ikiwa changa

Maumivu ya matiti ni miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa za ujauzito. Kwa wanawake wengi huanza kati ya wiki ya nne na ya sita, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wengine huyasikia hata kabla hawajakosa siku zao.

Chanzo chake ni homoni. Mimba ikishajipandikiza, mwili huongeza homoni za estrojeni na projesteroni. Estrojeni husukuma mirija ya maziwa ikue na kutawanyika. Projesteroni hukuza vifuko ambamo maziwa yatatengenezwa. Damu inayokwenda kifuani huongezeka, matiti huwa mazito, na mishipa ya kijani au ya bluu huanza kuonekana chini ya ngozi. Duara linalozunguka chuchu huwa jeusi zaidi, na vijipele vilivyopo juu yake hujitokeza. Vijipele hivyo ni tezi zinazotoa mafuta ya kulainisha ngozi, hivyo visikaushwe kwa sabuni kali wala kukamuliwa.

Kwa mama ambaye hanyonyeshi, shida kubwa ni kuchanganya maumivu haya na yale ya kukaribia hedhi. Yanafanana kwa sababu homoni ya projesteroni hupanda katika hali zote mbili. Tofauti ni kwamba ya hedhi hupungua damu inapoanza kutoka, na ya mimba huendelea. Sindano na vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinaweza kuyaleta. Kwa hiyo maumivu peke yake hayatoshi kuwa ushahidi. Kipimo ndicho kinachoamua.

Kwa wanawake wengi maumivu hupungua kufikia mwisho wa miezi mitatu ya kwanza. Yakipanda leo na kushuka kesho, hilo nalo ni la kawaida, na kupungua kwake peke yake hakumaanishi kwamba mimba imeharibika.

Anayenyonyesha hupata dalili kwenye chuchu

Mama anayenyonyesha yuko katika hali ya pekee. Anaweza asiwe na hedhi ya kukosa. Kichefuchefu atakisingizia uchovu wa kulea, na usingizi atausingizia usiku wa kuamka mara nne. Ndiyo maana kwa wengi kengele ya kwanza hulia kwenye chuchu: mtoto ni yuleyule, ananyonya vilevile, ila ghafla panauma.

Hapa ndipo wengi tunaponaswa. Tunaambiwa kunyonyesha huzuia mimba, na ni kweli, lakini kwa masharti matatu ambayo lazima yatimie kwa pamoja: mtoto awe hajafikisha miezi sita, awe ananyonya tu usiku na mchana bila chakula kingine, na mama awe hajaona hedhi. Masharti yote yakitimia, kinga hiyo ina ufanisi wa zaidi ya asilimia 98. Likivunjika hata moja, usiitegemee tena. Mwanangu alikuwa na miezi kumi na anakula uji. Mimi nilikuwa nasubiri hedhi irudi ndipo nianze kuwa makini, nikasahau kwamba yai hutoka kabla ya hedhi. Mwanamke anaweza kushika mimba bila kuiona hata ile hedhi ya kwanza baada ya kujifungua.

Si kila chuchu inayouma ni mimba, hata hivyo. Mtoto anayeota meno anaweza kuuma, lakini mara nyingi utaona alama. Fangasi huleta maumivu ya kuchoma ambayo huendelea hata baada ya kunyonyesha, na mara nyingine mtoto huwa na utando mweupe mdomoni usiofutika kirahisi. Titi moja likiwa jekundu, la moto na gumu, nawe una homa na mwili unauma, huo ni uambukizo na unahitaji matibabu siku hiyohiyo. Ukiwa na shaka, pima mkojo. Kunyonyesha hakuharibu majibu ya kipimo cha mimba.

Je, maziwa huharibika?

Hapana. Maziwa ya mama mwenye mimba si sumu, hayachachi na hayamdhuru anayenyonya. Kinachotokea ni mambo mawili. Kwanza, homoni za mimba hupunguza wingi wa maziwa, na kwa wengi hali hiyo huonekana zaidi kufikia mwezi wa nne au wa tano. Pili, ladha hubadilika na kuwa na chumvichumvi, na baadaye maziwa hugeuka taratibu kuwa yale ya manjano ya kumngoja mtoto ajaye. Kuna watoto wasiojali mabadiliko hayo, na kuna wanaogoma na kuacha wenyewe.

Wasiwasi wa pili ni kwa mimba. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni ya oksitosini ambayo huufanya mfuko wa uzazi ujibane kidogo. Kwa mama mwenye afya na mimba isiyo na matatizo, haijaonekana kwamba kunyonyesha huitoa mimba. Lakini kama unatokwa na damu, umewahi kujifungua kabla ya wakati, una mimba ya mapacha, au daktari amekuagiza usikutane na mumeo kwa ajili ya usalama wa mimba, zungumza naye kwanza kabla ya kuendelea kunyonyesha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye bila kitu kingine miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Mimba mpya haifuti haki hiyo kwa siku moja.

Wazee waliona kweli, wakakosea sababu

Sitaki msomaji adhani nawadharau wazee. Walichokiona kilikuwa kweli: mama akishika mimba upesi, mtoto aliye mgongoni mara nyingi hudhoofu. Hata mbali na kwetu waliliona hilo.

Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mzaliwa wa Jamaica, Cicely Williams, alifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Aliwakuta watoto wa mwaka mmoja hadi minne wamevimba miguu, ngozi inabanduka na nywele zimebadilika rangi. Mwaka 1933 aliandika kuhusu ugonjwa huo, na mwaka 1935 akautambulisha kwa madaktari wa dunia kwa jina ambalo akina mama wa Kiga walilitumia: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa.

Akina mama wale na bibi zetu walikuwa wanatazama jambo lilelile. Mtoto aliachishwa ghafla, akatolewa kwenye chakula bora alichokuwa nacho na kupewa uji mtupu. Kilichomdhoofisha ni njaa na utapiamlo, na shubiri inayopakwa ili kumwokoa ndiyo inayoweza kumsukuma huko. Mwanangu alipoteza gramu 400 katika wiki ambayo sote nyumbani tuliamini tunamkinga.

Hofu ya kubemenda ina ubaya mwingine. Mama anayeogopa kuchekwa huificha mimba. Hampeleki mtoto kupimwa uzito, asije akaulizwa. Yeye mwenyewe huchelewa kuanza kliniki, ilhali hudhurio la kwanza linatakiwa liwe kabla mimba haijafikisha wiki 12. Hivyo aibu moja inawaumiza watu watatu.

Tulichokifanya nyumbani

Nesi alinipa utaratibu ambao naugawa hapa kwa kuwa naamini utamsaidia mwingine.

Kuhusu maumivu, aliniambia nihakikishe mtoto anakamata sehemu kubwa ya duara jeusi, si ncha ya chuchu tu, na nibadilishe mikao: leo nimpakate, kesho tulale ubavu. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi baada ya kunyonyesha kilinisaidia sana, pamoja na sidiria laini ya pamba isiyo na waya, saizi moja zaidi ya niliyokuwa navaa. Siku zilizokuwa mbaya nilivaa hata usiku. Makali yakizidi nilimeza paracetamol kwa kipimo chake. Dawa kama diclofenac na ibuprofen, ambazo tumezoea kuzinunua kama pipi, mjamzito hatakiwi kuzimeza bila kuelekezwa na daktari. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka.

Kuhusu kunyonya, tulipunguza taratibu. Kila baada ya siku kadhaa niliondoa mnyonyo mmoja wa mchana, nikaweka chakula mahali pake. Baada ya mwezi tukabaki na asubuhi na usiku.

Kuhusu chakula, hapo ndipo mama mkwe alipopata kazi. Mtoto wa miezi tisa hadi 23 anayenyonya anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, na asusa mara moja au mbili katikati. Uji wa mahindi peke yake haumtoshi. Uji ulikorogwa mzito kidogo ukatiwa karanga zilizosagwa laini. Wali ulipondwa na maharage. Dagaa walisafishwa, wakakaushwa na kusagwa. Kulikuwa na yai, parachichi, ndizi mbivu, mchicha na kijiko kidogo cha mafuta. Mtoto aliyeacha kabisa kunyonya kabla ya mwaka mmoja anahitaji pia maziwa mengine kila siku yaliyochemshwa, na hilo ni gharama ambayo nyumba nyingi hazina. Ni sababu nyingine ya kutoyakimbia maziwa yaliyopo bure.

Kama mtoto hajafikisha miezi sita mimba inapoingia, usiongeze uji kwa kukisia. Mpeleke apimwe uzito mara kwa mara, na wahudumu waamue kama anatosheka.

Nami sikusahauliwa. Mama mwenye mimba na mtoto anayenyonya analisha watu wawili kutoka kwenye sahani yake. Nilianza vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na foliki asidi, na nikaelekezwa kupiga picha ya ultrasaundi, kwa sababu bila hedhi ya kuhesabia hakuna aliyejua mimba ina umri gani. Ilikuwa na wiki saba.

Wakati wa kwenda hospitali bila kusubiri

Maumivu ya kawaida ya mimba changa huwa matiti yote mawili na hayana kidonda. Nenda hospitali ukiona haya:

Uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani ambao hauondoki, hata kama unadhani ni maziwa yaliyoganda. Ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, au damu inayotoka kwenye chuchu. Saratani ya matiti kwa mjamzito si jambo la kawaida, lakini ipo, na huchelewa kugunduliwa kwa sababu kila badiliko husingiziwa mimba au kunyonyesha. Kipimo cha ultrasaundi ya titi ni salama kwa mjamzito.

Damu ukeni pamoja na maumivu ya tumbo. Maumivu makali ya upande mmoja chini ya kitovu, kizunguzungu cha kutaka kuanguka au maumivu kwenye ncha ya bega. Hizo zinaweza kuwa dalili za mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na hapo hata saa moja ina thamani.

Kwa mtoto: uzito unaoshuka au kusimama, miguu inayovimba, kuharisha kusikokoma, au kukataa chakula kila siku.

Alivyoacha mwenyewe

Wiki tatu baada ya siku ile ya zahanati, mwanangu alirudisha zile gramu 400 na kuongeza nyingine. Maumivu ya chuchu yalipungua nilipokaribia mwezi wa nne, hayakuisha kabisa. Maziwa nayo yakapungua kama nesi alivyosema. Akiwa na miezi 14, jioni moja alinyonya kidogo, akanitazama, akashuka mapajani kwenda kucheza na vifuniko vya sufuria. Hakuomba tena. Mdogo wake alizaliwa akiwa na miezi 17 na nusu, mkubwa akiwa anakimbia.

Laiti ningejua mapema, ningeanza uzazi wa mpango mtoto alipofikisha miezi sita. Shirika la Afya Duniani linashauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, na mwili wangu ulinieleza sababu. Mimba ile ya pili nilitembea nayo na upungufu wa damu hadi mwisho. Katika hilo la kupisha nafasi, wazee walikuwa sahihi toka zamani.

Na mama mkwe? Siku ya kumpima mtoto alikuja nami mpaka kwenye mzani, akausoma mwenyewe kwa miwani yake. Hakusema kitu. Lakini juzi nilimsikia akimweleza jirani ambaye binti yake anauguliwa na matiti na ana mtoto wa miezi minane.

"Asimwachishe kwa pupa," alimwambia. "Wangu mimi nilimtwangia karanga. Ndizo zilizozuia asibemendwe."

Nilitaka kumsahihisha, kisha nikanyamaza. Mtoto wa jirani ataendelea kunyonya na kula karanga. Hayo mengine tutaelewana polepole.